Ubao wa kugusa kwa rimoti ya Wii: mwongozo kwa mwalimu na fundi anayeanza

Wiki haipiti bila mtu kusimama mbele ya meza yangu hapa Mwanza akiwa na rimoti nyeupe ya Wii, ile mashine ya gemu ya Nintendo, mkononi. Ameikuta kwenye mzigo wa mtumba, mashine yenyewe haipo, waya hakuna, ila rimoti inawaka. Amesikia kwamba rimoti hiyo inageuza ukuta kuwa ubao wa kugusa: unaandika ukutani kwa kalamu yenye taa, na kompyuta inaifuata kama mausi. Maswali ni yaleyale. Inashika kwenye kompyuta? Lazima niwe na mashine yake? Ile kalamu ya kuandikia ukutani inauzwa duka gani? Nimeamua kuyajibu yote hapa, ili ukija kwangu uje na tatizo jipya.

Kwanza kalamu: haiuzwi. Utaitengeneza mwenyewe kwa taa ya rimoti mbovu ya king'amuzi, swichi ndogo na betri moja. Ni kazi ya nusu saa. Kinachowashinda wengi ni jambo ambalo hawakulitegemea, yaani pa kuiweka rimoti ya Wii. Hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Nadharia ni fupi. Mbele ya rimoti, nyuma ya kile kioo cheusi, kuna kamera ndogo inayoona mwanga wa infraredi tu, mwanga uleule unaotoka kwenye rimoti ya TV na ambao macho yetu hayauoni. Kamera hiyo inafuatilia hadi nukta 4 kwa wakati mmoja na kutuma mahali zilipo kwa bluetuthi, hadi mara 100 kwa sekunde. Kwenye gemu, taa zinakaa tuli kwenye TV na rimoti ndiyo inayotembea. Sisi tunageuza: rimoti inatulia, taa ndiyo inatembea mkononi mwa mwanafunzi. Aliyeusambaza ujanja huu ni Johnny Chung Lee, Desemba 2007, akiwa bado anasomea uzamivu chuo cha Carnegie Mellon huko Marekani, mwaka mmoja na kidogo tangu Wii iingie sokoni.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Rimoti ya Wii na betri mbili za AA. Chukua ile ya zamani. Ikiwa chini ya neno Wii pameandikwa "Wii MotionPlus INSIDE", hiyo ni ya baadaye, na programu nyingi za zamani haziitambui. Zipo pia feki, nyepesi mkononi, zenye bluetuthi inayokatika kila dakika tano.
- Kompyuta yenye Windows na bluetuthi. Kompyuta ya mezani itahitaji kile kipachiko kidogo cha bluetuthi cha kuchomeka kwenye USB.
- Projekta, au TV bapa. Hapa sikufichi kitu: projekta ndiyo gharama, vingine vyote ni vya kuokoteza. Kama shule haina projekta wala TV, usianze na mradi huu. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya fizikia huko chini, maana ile haihitaji.
- Rimoti mbovu ya TV au king'amuzi, kwa ajili ya taa yake.
- Swichi ndogo ya kubonyeza, ile inayowasha ukiwa umeishikilia na kuzima ukiiachia.
- Betri moja ya AA ya 1.5 V, kipande cha waya, maka pen iliyokauka, pasi ya kuchomea risasi, msasa.
- Simu yenye kamera.
- Soksi moja na mchanga. Matumizi yake utayaona kwenye hatua ya 7.

Watu wananiletea pia Kinect na Move, vifaa vya mashine nyingine za gemu, wakidhani zote ni kitu kimoja. Kinect ya Xbox 360 ina plagi ya peke yake na inataka adapta yenye umeme wake. Move ya PlayStation haina kamera ndani. Kamera ya nje ndiyo inayotazama ule mpira wake unaowaka rangi. Kwa kazi ya ubao, tafuta Wii.

Hatua

1. Kagua rimoti kabla ya kulipa. Fungua mfuniko wa betri utazame zile springi. Ukiona unga wa kijani au mweupe, betri ziliwahi kumwaga maji humo. Kidogo kinasafishika kwa siki na mswaki. Springi ikiwa imeliwa, iache. Weka betri, bonyeza kitufe cha 1 na cha 2 kwa pamoja: taa nne za bluu zianze kuwaka na kuzima. Tazama kile kioo cheusi cha mbele. Kikiwa na mikwaruzo mingi, kamera nyuma yake haitaona vizuri.

2. Toa taa kwenye rimoti mbovu. Ni ile iliyo puani, inafanana na ushanga wa plastiki angavu, mara nyingine yenye rangi ya bluu kwa mbali. Kabla hujaichomoa, angalia imeunganishwaje na uache miguu yake iwe mirefu. Taa mpya ina mguu mrefu ambao ni chanya, lakini yako imeshakatwa, kwa hiyo tumia alama nyingine: ukingo wa duara ulionyolewa bapa ndio upande wa hasi.

3. Isugue ncha kwa msasa. Taa ya rimoti imetengenezwa kurusha mwanga mbele kama tochi, na kamera yetu itakuwa pembeni. Ukiisugua ncha ikawa bapa na yenye ukungu, mwanga unatawanyika kila upande. Wengi wanairuka hatua hii, halafu wanalalamika kwamba kalamu inashika katikati ya ubao tu. Sugua taratibu, usifike kwenye waya wa ndani.

4. Unganisha kalamu. Chanya ya betri iende kwenye swichi, swichi iende kwenye chanya ya taa, hasi ya taa irudi kwenye hasi ya betri. Kwa betri moja ya 1.5 V huhitaji rezista, kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme. Ukitumia betri mbili, yaani 3 V, lazima uweke rezista. Mimi naweka ya ohm 33. Bila hiyo taa inakufa, tena kimyakimya, maana hata ikiwa nzima huioni ikiwaka. Betri ya kuchaji ina 1.2 V, na kwa taa nyingine mwanga wake unakuwa hafifu mno. Anza na betri ya kawaida. Ingiza vyote kwenye ganda la maka pen, taa ichungulie mdomoni, swichi ikae pale kidole cha shahada kinapotulia.

5. Ijaribu kwa simu. Fungua kamera, elekeza kwenye ncha, bonyeza swichi. Kwenye skrini utaona mwanga wa zambarau au mweupe ambao kwa macho haupo. Usipoona kitu, usibomoe kalamu kwanza: kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio cha infraredi. Geuza kwa kamera ya mbele. Ukitaka uhakika, ijaribu simu yenyewe kwa rimoti nzima ya TV.

6. Unganisha rimoti na kompyuta. Kama iliwahi kuunganishwa, ifute kwanza kwenye orodha ya vifaa. Kwenye Windows 7 na 10, ingia "Control Panel", kisha "Devices and Printers", kisha "Add a device". Bonyeza 1 na 2 kwa pamoja na uendelee kuvishikilia. Jina litakalotokea ni Nintendo RVL-CNT-01. Lichague. Windows ikikuuliza namba ya siri, usiandike chochote, acha patupu na ubonyeze "Next". Nimeona watu wakihangaika na 0000 na 1234 mchana kutwa. Haina namba ya kuandika. Taa za bluu zitaendelea kuwaka na kuzima hata baada ya kuunganika. Zitatulia programu ikifunguliwa. Ujue pia kwamba ukizima kompyuta, kesho yake huenda ukalazimika kufuta na kuunganisha upya.

   Kisha pakua programu mbili. Ya kwanza ni WiimoteTest, inayokuja pamoja na WiimoteLib ya Brian Peek. Inaonyesha kila kinachotoka kwenye rimoti, pamoja na nukta za mwanga inazoziona. Ya pili ni Wiimote Whiteboard ya Johnny Lee, ndiyo inayogeuza kalamu kuwa mausi. Zipakue mahali penye intaneti nzuri uzibebe kwenye fleshi, usitegemee bando ukiwa mbele ya wanafunzi arobaini. Kwa Linux, kernel, yaani kiini cha mfumo, inaitambua rimoti yenyewe tangu toleo 3.1 la mwaka 2011, lakini programu za ubao za upande huo zimezeeka na kuziweka ni mateso. Anayeanza aanze na Windows.

7. Simamisha rimoti. Sasa tumefika.

   Kamera ina macho membamba. Ili ione picha yote, rimoti ikae umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa picha. Picha ya projekta yenye upana wa mita 1.5 inataka rimoti iwe mita 2.5 hivi hadi 3. TV ya inchi 43 ina upana wa karibu sentimita 95, basi mita moja na nusu hadi mbili zinatosha. Ukisogea karibu mno, kona zinapotea. Ukienda mbali mno, unapoteza usahihi na mstari unakuwa na meno kama ya msumeno.

   Halafu mwili wa mwandishi. Usiiweke rimoti nyuma yake katikati ya darasa, maana mgongo utaifunika kalamu. Iweke pembeni na juu. Kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, rimoti ikae upande wa kulia wa ubao ukiutazama, juu ya usawa wa bega, ikichungulia kwa mshazari. Mahali pazuri kuliko pote ni juu kwenye kenchi, kama darasa halina dari: unaifunga kwa waya na haiguswi na mtu. Hata ikikaa kichwa chini hakuna neno, programu italinganisha yenyewe.

   Kama huna pa kufunga, panga dawati juu ya dawati, jaza mchanga kwenye soksi, ifunge, uilaze juu yake, kisha uikandamize rimoti kwenye soksi kama unavyolaza yai. Mchanga unashika pembe uliyoichagua. Nimejaribu vitabu, matofali na stendi ya kamera ya bei rahisi. Soksi imevishinda vyote.

   Fungua WiimoteTest, mtume mwanafunzi mmoja na kalamu aguse kona nne za picha, moja baada ya nyingine, huku wewe unatazama skrini. Nukta ionekane kwenye kona zote nne. Ikipotea kwenye moja, geuza rimoti kidogo, rudia. Hapa usiwe na haraka. Dakika kumi za hatua hii zinaokoa kipindi kizima.

8. Linganisha kona. Funga WiimoteTest, fungua Wiimote Whiteboard, anza ulinganishaji. Alama itatokea kwenye kona ya picha. Gusa katikati yake na ubonyeze swichi, itahamia kona nyingine, hadi nne zitimie. Programu itakuonyesha asilimia ya eneo la kamera linalotumika. Mimi siridhiki na chini ya 50. Ikiwa ndogo, rimoti iko mbali au imekaa upande mno, rudi hatua ya 7. Ikikubali, washa uendeshaji wa mausi. Kuanzia hapa, rimoti, projekta na ubao visiguswe. Mtoto akiligonga dawati, unalinganisha upya. Kwa sababu hiyo shuka lililotundikwa halifai kuwa ubao: linapepea, na kalamu inalisukuma. Tumia ukuta uliopakwa rangi nyeupe.

9. Fundisha namna ya kushika kalamu. Hii si chaki. Kalamu ikiwa imezimwa, kompyuta haioni kitu na mshale hausogei. Ncha iguse ukuta kwanza, ndipo swichi ibonyezwe. Ukitaka kuinua, achia swichi kwanza. Mikono ikae nyuma ya taa, isiifunike. Mara ya kwanza kila mwanafunzi anabonyeza angali hewani, na mstari unaanzia pasipo pake. Wakubali wacheke, wape zamu tatu tatu, watazoea.

Programu ya kuandikia ninayoipendekeza ni OpenBoard, ya bure. Kwa hisabati kuna GeoGebra. Kwa sayansi, zipo simulesheni za PhET (majaribio ya kuigiza kwenye skrini) za Chuo Kikuu cha Colorado, ambazo baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili na zinaweza kupakuliwa zikatumika bila intaneti. Somo lililonifurahisha zaidi, hata hivyo, halikutumia lolote kati ya hayo. Mwalimu wa jiografia aliweka ramani tupu ya Ziwa Victoria, akampa kalamu binti mmoja, akamwambia afuatishe ufukwe toka Mwanza mpaka Musoma. Binti akafika Speke Gulf akasimama. "Mwalimu, Ukerewe niizunguke au niipite?" Darasa zima likawa na jibu.

Jua, na karabai

Kitu kinachotoa joto la kung'aa kinatoa infraredi. Jua linaongoza. Shule moja huku Ilemela niliwafungia mtambo asubuhi, ukaenda vizuri kabisa. Saa kumi alasiri nikapigiwa simu: mshale unakimbilia kona ya juu peke yake. Nikaja na bisibisi, nikafungua rimoti, nikaifunga, nikabadilisha betri, nikajifanya najua. Mwanafunzi wa mstari wa mbele ndiye aliyesema, "Fundi, si lile jua pale?" Madirisha yalitazama magharibi, ziwani. Jua lilishuka, likapiga kwenye kioo cha kabati kilichokuwa ndani ya macho ya kamera. Tulitundika blanketi dirishani, mshale ukatulia.

Kwa hiyo fanya jaribio lako saa ileile ya kipindi, si asubuhi kama kipindi ni mchana. Funika vioo na vitu vinavyong'aa karibu na ubao. Balbu za zamani za uzi zinasumbua. Za LED hazina shida. Na kama unafundisha usiku karibu na mwalo, karabai ikiwa mbele ya kamera itahesabiwa kuwa kalamu.

Bila projekta: somo la mchapuko

Ndani ya rimoti kuna kipima mchapuko, kile kinachoiambia mashine kwamba umepunga mkono. Fungua WiimoteTest, acha rimoti mezani, vitufe vikitazama juu. Kipimo cha wima kitasoma karibu na 1, yaani g moja, mchapuko wa mvutano wa dunia. Igeuze kifudifudi, vitufe vikitazama chini, kitasoma karibu na -1. Isimamishe kwa pua, ile 1 inahamia kwenye mhimili mwingine. Waache wanafunzi wagundue wenyewe ni mhimili upi.

Kisha weka godoro chini, mwanafunzi asimame aiachie rimoti toka mita 1.5, bila kuirusha. Kuanguka kunachukua kama sekunde 0.55, namba zinapita haraka kuliko macho, kwa hiyo rekodi skrini kwa video ya simu na uirudie polepole. Mtaona vipimo vinashuka kuelekea 0 vyote vitatu, halafu vinaruka ghafla rimoti inapofika kwenye godoro. Hapo ubishi unaanza: kitu kinaanguka, mbona kipimo kinasema sifuri? Usiharakishe kuwajibu. Godoro liwe nene. Niliwahi kutumia mkeka uliokunjwa, nikapoteza rimoti.

Ikigoma

Programu inasema hakuna rimoti iliyoonekana: muunganiko wa bluetuthi umekufa. Kifute kifaa, rudia hatua ya 6. Ikitokea mara tatu mfululizo, badilisha betri za rimoti kabla hujailaumu kompyuta. Ukiwa unatumia kipachiko cha USB, kihamishe kwenye tundu la mbele. Nyuma ya kasha la chuma mawimbi yanazuiwa.

Rimoti imeunganika, ila WiimoteTest haioni nukta hata moja. Ielekezee kalamu puani kwa umbali wa hatua moja. Bado? Jaribu na rimoti nzima ya TV huku umebonyeza kitufe. Hiyo ikionekana, kalamu yako ndiyo mbovu, na mara nyingi taa imewekwa kinyume. Isipoonekana, kamera imekufa. Haitengenezeki, lakini kipima mchapuko bado kinafaa.

Nukta zinaonekana mbili na kalamu ni moja: kuna mng'ao. Ukuta wa rangi ya mafuta unarudisha mwanga, vivyo hivyo kioo cha TV. Hamisha rimoti pembeni kidogo mpaka nukta ya pili ipotee.

Mstari unatetemeka au unakatika. Betri ya kalamu imechoka, au ncha haikusuguliwa vya kutosha, au mkono unaifunika taa. Kuna pia kipimo cha kulainisha mstari ndani ya programu, lakini ukikizidisha mshale unachelewa nyuma ya mkono na watoto wanachanganyikiwa.

Mshale unatokea kando ya ncha, kwa umbali uleule kila mahali: kitu kimesogea. Linganisha kona upya. Umeme ukikatika na kurudi, kama projekta haikuguswa na programu haikufungwa, ulinganishaji wa mwanzo bado upo.

Ukimaliza kipindi, toa betri kwenye rimoti na kwenye kalamu. Rimoti ikitumia kamera inamaliza jozi kwa saa 25 hivi, lakini kalamu ikitupwa ndani ya begi swichi yake inabonyezwa na daftari usiku kucha, na hakuna atakayeiona inawaka.